Maneno ya Hasira, na Barua ya Mzee Mmoja



Juma hili nimeulizwa swali na mkulima mmoja ambaye husoma ukurasa huu kila utokapo. Asema kwamba alifungua kamusi kutafuta neno la Kiingereza lenye maana ya "mwenye hasira", akakuta maneno mengi yamepangwa pamoja kama magunia ghalani, na kwa macho yake yote ni magunia ya nafaka moja. "Ikiwa yote ni hasira," auliza, "je, haitoshi nijifunze moja tu, na hayo mengine niwaachie Waingereza wenyewe?"

Swali hili ni jema, na lina faida kwa kila mtu aandikaye barua za Kiingereza, awe karani au mkulima mwenye shauri lake. Lakini kabla ya kulijibu yanipasa kuungama kosa langu mwenyewe. Nalilitenda mimi, walakini aliyelipa gharama yake ni mtu mwingine.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya ukarani nalikuwa kijana aliyetoka shule ya misheni juzi tu, mwenye cheti kipya na kitabu kimoja cha maneno ya Kiingereza nilichokipenda kuliko chakula. Kila siku nalijifunza maneno matano, na kila neno jipya nalilitafutia nafasi ya kulionyesha, kama mtu aliyenunua viatu vipya atafutavyo sababu ya kupita sokoni.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, mzee mmoja alinikuta chini ya mti nyuma ya ofisi. Mkononi alikuwa na stakabadhi iliyokunjwa mara nne.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, baba. Karibu."

"Nimeambiwa kwamba kalamu yako ni nzuri. Nilipeleka matunda ya kahawa kwenye kiwanda cha chama chetu. Yalipimwa mbele ya macho yangu, na mizani ikasema kilo 61. Mwandishi wa mizani akaandika 16. Mimi sikusoma, lakini tarakimu nazijua. Niliporudi kumwambia, alicheka. Mwezi ujao wajukuu wangu waingia shuleni. Basi niandikie kamati ya chama barua ya Kiingereza, uwaambie kwamba nina uchungu."

Nina uchungu. Ndivyo alivyosema, wala hakuongeza neno. Mimi nikachukua karatasi, nikaandika kwa Kiingereza kwamba mzee huyu ni "furious", tena kwamba yafaa kamati ijue jambo hilo. Neno hilo nalikuwa nimelijua kwa siku tatu tu. Sauti yake ilinipendeza, nami naliona kwamba kilo 45 zilizopotea zastahili neno kubwa. Mzee alitia dole gumba, akanishukuru, akaenda zake.

Baada ya majuma matatu alirudi na jibu, akaniomba nimsomee. Barua ile haikutaja kilo hata moja. Ilisema kwamba kamati imeshangazwa na maneno ya vitisho yaliyoandikwa na mwanachama wake, na kwamba anaitwa kueleza alikusudia kutenda nini. Nilipomaliza kusoma, mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi niliwatisha lini?"

Sikuwa na jibu. Mzee alikwenda kusimama mbele ya kamati, akaulizwa habari za adabu yake asubuhi nzima. Shauri la kilo likaahirishwa hadi mkutano mwingine. Nitasimulia mwisho wake hapo mbele, lakini kwanza natuyapime maneno yenyewe, ili kila mtu aone kosa langu lilikuwa wapi.

Twaweza kushangaa kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivi kwa jambo moja. Sababu ni kwamba lugha hiyo ilijengwa na watu wengi. Kwanza walikuwako Waanglo na Wasaksoni, waliovuka bahari kutoka pande za Ujerumani. Katika karne ya 9 wakaja watu wa Denmark na Norway, wakafanya makao yao mashariki na kaskazini mwa nchi. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi wakawa wakisema Kifaransa. Wasomi nao wakachota maneno katika Kilatini. Kila kundi lilileta maneno yake ya hasira, na maneno ya zamani hayakufukuzwa, bali yaligawiana kazi na yale mageni. Sisi tusemao Kiswahili twaelewa vizuri jambo hilo, kwa sababu "uchungu" ni neno letu la Kibantu, na "ghadhabu" tumelipata kwa Waarabu, nasi twayatumia yote mawili bila kuyachanganya.

Neno la katikati, ambalo mengine yote hupimwa nalo, ni "angry". Laweza kutumika kwa hasira ya mtu yeyote, kubwa kwa ndogo, ya haki au isiyo ya haki. Hata fahali aliyechokozwa huitwa "angry". Asili yake ni katika lugha ya wale watu wa kaskazini, na kwao "angr" maana yake ilikuwa huzuni na taabu. Mpaka leo Mwingereza aweza kukiita kidonda chekundu kilichovimba "angry", kana kwamba maumivu na hasira ni ndugu. Na ajabu ni kwamba neno letu "hasira" lina ukoo kama huo huo, maana latoka katika neno la Kiarabu "hasra", yaani majonzi na majuto ya moyo. Mataifa mawili yaliyo mbali sana yaliiona njia moja, kwamba hasira aghalabu huanza kwa kuumizwa. Tafadhali liweke jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia.

Fahamu pia namna ya kulitumia neno hili. Ukimkasirikia mtu, sema "angry with" kisha jina lake. Ukikasirishwa na jambo, sema "angry about" au "angry at". Wengi wetu hukosea hapo kwa kuwa katika Kiswahili kiungo kimoja hutosha.

Chini ya "angry" yako maneno mepesi. La kwanza ni "annoyed", ambalo lafanana sana na "kuudhika". Mtu huwa "annoyed" basi linapochelewa, au jirani anapopiga kelele usiku. Kesho amesahau. La pili ni "irritated", nalo ni la jambo dogo linalorudiarudia. Madaktari hulitumia kwa ngozi inayowasha. Aliyewahi kuguswa na upupu shambani amekwisha kulielewa neno hili, maana ni moyo unaowasha. La tatu ni "cross", neno la nyumbani, nalo Waingereza hulipenda zaidi kuliko Wamarekani. Mama huwa "cross" na mtoto aliyechafua nguo za shule. Ukimwandikia mkubwa wa ofisi kwamba wewe ni "cross" naye, atacheka, kwa sababu umemfanya yeye mtoto, au umejifanya mtoto wewe mwenyewe. La nne ni "vexed", ambalo asili yake ya Kilatini ni kutikiswa na kusumbuliwa. Siku hizi wengi huliona kuwa la kizamani, ingawa katika mashauri bado husikika kwamba swali fulani ni "vexed", yaani limebishaniwa sana wala halijapata mwisho.

Juu ya "angry" yako maneno mazito. "Furious" limetoka katika neno la Kilatini "furia", yaani hasira inayomtoa mtu katika akili zake. Hutumika pia kwa dhoruba ya bahari na kwa moto uwakao bila kuzuilika. Kando yake liko "enraged", na ndani yake mna neno "rage", ambalo kwa njia ya Kifaransa limetoka katika "rabies", yaani kichaa cha mbwa. Kila mfugaji ajua mtu afanyavyo akikutana na mbwa wa namna hiyo. Hamwulizi ameumizwa wapi. Hutafuta fimbo au hufunga mlango.

Basi, msomaji wangu, sasa waona niliyoyatenda. Mzee alileta maumivu yake, nami nikawapelekea wanakamati dhoruba. Wao wakafunga mlango. Siwatetei, maana walipaswa kuangalia zile kilo kwanza. Lakini mimi ndimi niliyewapa sababu ya kutoziangalia.

Katika Kiswahili nisingefanya kosa hilo kamwe. Nani asiyejua tofauti ya mtu aliyenuna na mtu aliyefura? Mtu aliyehamaki si sawa na mtu mwenye kinyongo, kwa kuwa wa kwanza huwaka mara moja akazimika, na wa pili hufukuta kama kaa lililofunikwa jivu. Tukisema mtu ameghadhibika, twamwona mtu mzima mwenye cheo na uso mkali. Tukisema amepandwa na mori, twaangalia kama ana kitu mkononi. Tofauti hizi twazijua tangu kunyonya. Kosa letu ni kudhani kwamba lugha ya wenzetu haina tofauti kama hizo, kwa sababu tu kamusi imeyaweka maneno yake mstari mmoja.

Kamusi haina lawama. Daktari mmoja wa London, Peter Mark Roget, alitoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 73. Alikiita "Thesaurus", neno litokalo katika Kiyunani lenye maana ya hazina, akayapanga maneno kwa kufuata maana badala ya herufi. Nia yake ilikuwa kumsaidia mtu mwenye wazo apate neno la kulivika. Maneno ya jamii moja aliyaweka pamoja ili mtu achague, kama vile fundi apangavyo patasi zake mbele yake. Fundi hachukui patasi yoyote kwa sababu zote zina makali. Na kabla ya Roget, mwaka 1816, George Crabb alikuwa amekwisha kutoa kitabu kizima cha kueleza tofauti za maneno yanayofanana katika Kiingereza. Kwa hiyo usione haya kuuliza swali hili. Waingereza wenyewe waliliuliza zamani.

Sasa tuje kwenye maneno ambayo hayapimwi kwa ukubwa wa hasira, bali kwa sababu yake. Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu.

"Indignant" ni hasira ya mtu aliyeona jambo lisilo la haki. Ndani yake mna neno la Kilatini "dignus", yaani mwenye kustahili, na mbele yake pamewekwa kikanushi. Mtu "indignant" ni kama asemaye, "Jambo hili halistahili kutendwa." Nimesema kwamba fahali aweza kuwa "angry". Hawezi kuwa "indignant", kwa sababu fahali hajui haki na dhuluma. Tena mtu aweza kuwa "indignant" kwa ajili ya mwenzake, hata kama yeye mwenyewe hakuguswa. Ni neno lenye heshima, lakini lina hatari moja. Ukilisema juu ya mtu mwingine, lamsifu kwamba ana moyo wa haki. Ukilisema juu yako mwenyewe katika barua, laweza kusikika kana kwamba wajipigia makofi.

"Resentful" ni hasira iliyowekwa. Asili yake ya Kifaransa ni kuhisi mara ya pili. Mtu huumizwa mara moja, kisha kila akumbukapo huumia tena. Ndicho kinyongo chetu. Ukimwambia mkubwa kwamba wewe ni "resentful", umemwambia kwamba wamwekea jambo moyoni, naye atakuogopa hata siku utakapomsalimu kwa wema.

"Bitter" ni neno la kututega sisi, kwa sababu ladha yake ni chungu, na sisi twasema "uchungu". Lina udugu na neno la Kiingereza la kuuma kwa meno. Karani mwenye haraka angeandika kwamba yule mzee ni "bitter", akidhani ametafsiri sawasawa. Lakini Mwingereza akisema mtu fulani ni "bitter", aghalabu maana yake ni kwamba dhuluma ya zamani imemharibia moyo, hata hapendi tena kupatanishwa. Uchungu wa mzee wetu haukuwa hivyo. Ulikuwa mbichi, tena ulikuwa na matumaini. Mtu asiye na matumaini hatafuti karani wa kumwandikia barua.

Yako pia maneno mawili ya upole. "Upset" hutumika kwa chombo kilichopinduka, na kwa moyo uliopinduka vilevile, iwe kwa huzuni au kwa hasira au kwa zote mbili pamoja. Lafaa kwa rafiki, kwa mwalimu wa mtoto wako, au kwa jirani. "Disappointed" ni la mtu aliyetarajia jema asilipate. Makarani watafurahi kujua kwamba zamani neno hilo lilikuwa na maana ya kumwondoa mtu katika kazi aliyopewa. Leo ni neno la barua za ofisi, nalo lina nguvu kuliko lionekanavyo. Mwingereza akikuandikia kwamba yeye ni "disappointed" kwa kazi yako, usidhani kwamba hana hasira, kwa maana ni desturi yao kufunika moto mkubwa kwa sufuria ndogo.

Na sasa nifike kwenye neno nililolikosa siku ile. Baada ya mzee kuitwa na kamati, aibu ilinishika hata nikamwendea karani mkuu wetu, mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mzee alisema nini kwa Kiswahili?" Nikamjibu. Akauliza, "Uchungu wa kufiwa, au uchungu wa kudhulumiwa?" Nikasema wa kudhulumiwa. Akachukua kalamu, akaandika neno moja katika karatasi, "aggrieved", akanisukumia.

Neno hili limetoka katika neno la Kilatini "gravis", yaani zito. Mtu "aggrieved" ni mtu aliyetwishwa mzigo asiostahili. Ni jamaa ya neno "grief", yaani majonzi, kwa hiyo lina machozi ndani yake. Lakini pia ni neno la sheria. Katika sheria za Kiingereza, na katika sheria zetu za Kenya zilizoandikwa kwa Kiingereza, mtu aliyeumizwa na uamuzi huitwa "aggrieved", na kwa jina hilo hupewa njia ya kukata rufani. Tazama basi namna neno moja libebavyo mambo yote mawili aliyoyabeba yule mzee katika "nina uchungu", yaani kuumia kwake na haki yake. Halimtishi mtu, wala halimwombi mtu huruma. Lasema tu, "Nimetwishwa, nanyi ndio mwezao kunitua."

Tuliandika barua ya pili, karani mkuu akisimama nyuma yangu. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza. Ilitaja siku ya kupima, kilo 61 zilizosomwa kwenye mizani, na kilo 16 zilizoandikwa katika stakabadhi. Ilieleza kwamba maneno makali ya barua ya kwanza yalikuwa ya mwandishi, wala si ya mzee. Kisha ikasema kwamba yeye ni "aggrieved", na kwamba aomba kitabu cha mizani kifunguliwe mbele yake. Katika mkutano uliofuata kitabu kilifunguliwa. Ilionekana kwamba hesabu ya jumla ya siku ile haikulingana na stakabadhi zilizotolewa, na kilo 45 zake zikakubaliwa. Mzee akalipwa.

Lakini alilipwa baada ya shule kufunguliwa. Mjukuu wake mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima, akichunga mbuzi, na vitabu vyake vimefungwa katika kitambaa. Nalimwona njiani mara kadhaa. Kila mara alinisalimu kwa adabu, na kila mara nalikumbuka furaha yangu ya siku ile chini ya mti, nilipoandika neno lenye sauti nzuri.

Kwa hiyo namjibu ndugu yangu mkulima. Ukitaka kujifunza neno moja tu, jifunze "angry", maana halitakupoteza mbali. Lakini siku utakapokuwa na shauri la fedha, au la mpaka wa shamba, au la mtoto wako, jiulize maswali manne kabla ya kuandika.

La kwanza, hasira hii ina ukubwa gani? Usiandike "furious" kwa basi lililochelewa, wala "annoyed" kwa shamba lililonyang'anywa. Neno kubwa mno humfanya mtu aonekane hana akili, na neno dogo mno humfanya aonekane hana shida.

La pili, imetoka wapi? Kama umeudhiwa tu, yako maneno yake. Kama umedhulumiwa, tumia neno lenye haki ndani yake, ili msomaji wako ajue kwamba yeye hachunguzi tabia yako bali achunguza tendo lililotendwa.

La tatu, ni ya leo au ni ya siku nyingi? Usimwonyeshe mtu kinyongo ikiwa bado wataka mpatane.

La nne, nani atasoma, nawe wataka atende nini? Ikiwa wataka afungue kitabu cha mizani, usimpe sababu ya kufunga mlango. Wazee wa pwani husema kwamba hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi. Samaki yule akighadhibika hujirusha mwenyewe chomboni, na mvuvi hana kazi ila kuokota. Mwandishi wa mizani aliyecheka alikuwa mvuvi wa namna hiyo, na ile barua ya kwanza ilimrukia chomboni.

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi kwamba aliyedhulumiwa ajifanye hana hasira, au kwamba maneno makali yasitumike kamwe. Ziko dhuluma ambazo mtu akizitaja kwa maneno ya upole huwa ameisaliti kweli. Siku hiyo ikifika, andika neno zito, ukijua kwamba ni zito, na uwe tayari kusimama nalo mbele ya watu. Baya ni kuandika neno zito kwa kutojua. Na baya zaidi ni kuandika kwa ajili ya mtu asiyejua kusoma, akatia dole gumba chini ya hasira isiyokuwa yake.

Hili nawaambia hasa makarani wenzangu. Mtu akikuletea shauri lake, msikilize mpaka mwisho, na neno lake kuu liandike kwanza kwa lugha aliyolisemea. Halafu mwulize, kama karani mkuu alivyoniuliza mimi, ni uchungu wa namna gani. Ukiisha kuandika, msomee barua yake kwa lugha aijuayo, neno kwa neno, kabla hajatia dole. Laiti ningefanya hivyo, mzee angenizuia pale pale. Angesema, "La, mwanangu, mimi sikusema hivyo."

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nalijikwaa kalamu, na aliyeanguka ni mwingine.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutayapima maneno ya furaha, maana nayo yana magunia yake. Anayependa kuuliza jambo na aandike. Kwa herini.